Unataka kwenda seminari na uko Tanga? Soma hii kabla hujaenda kumuona paroko

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu simu yangu haipoi. Mara mama mmoja wa Makorora, mara kijana wa Muheza, mara mjomba wa mtu yuko Korogwe, na swali ni lile lile, eti kaka seminari wanaingiaje? Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nilikaa huko miaka minne, mmoja wa malezi na mitatu ya falsafa, halafu nikatoka, sasa hivi nina mke na watoto wawili na niko kwenye kamati ya miito hapa parokiani. Nimechoka kurekodi voisi za dakika nane nane kwa hiyo naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Kwanza tuelewane, maana watu wanachanganya seminari mbili za Kanisa Katoliki. Kuna seminari ndogo, hiyo ni sekondari kabisa, ina form one, ina mitihani ya taifa, ina mpira na kila kitu, kama ile ya Soni kule njia ya kupandia Lushoto. Mtoto anaingia akitoka darasa la saba na wengi wao wakimaliza wanakuwa madaktari, walimu, maafande, hakuna aliyewadai upadre. Halafu kuna seminari kuu, huko ndo unaitwa frateri na huko ndo padre anapotengenezwa. Hukusoma seminari ndogo? Usijali wala usijione mnyonge, mi mwenyewe nimesoma shule ya kata, na darasani kwetu tulikuwa wengi tu. Utahangaika kidogo na sala za kupokezana na Kilatini wenzako wanavyovijua tangu wana miaka kumi na tatu, ila mpaka Krismasi mtakuwa mmeshalingana.

Na neno lenyewe seminari ni la Kilatini, maana yake kitalu. Watu wa Muheza mnaootesha miche ya michungwa kwenye viriba mnanielewa haraka zaidi kuliko watu wa mjini, mche ukiwa kitaluni bado haujawa wa shamba la mtu, unaangaliwa, unamwagiliwa, mwingine unahamishwa, mwingine unaonekana huu hapa udongo wake siyo huu. Kanisa liliamua kila jimbo liwe na kitalu chake kwenye Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, kabla ya hapo padre alijifunzia popote pale, wengine hata kusoma vizuri walikuwa hawajui. Sasa ukienda kitaluni huku umejipanga kuonyesha wewe ni mchungwa uliokwisha kuzaa, hapo ndo unaanza kujiharibia. Nitarudi hapa, maana mimi ndo nilijiharibia hivyo.

Sasa pa kuanzia. Siyo kwa askofu, siyo kwa mkurugenzi wa miito, na siyo kwa frateri uliyemuona insta. Anza jumuiya, ile ndogo ya Wakatoliki wa mtaani kwenu. Najua unacheka, jumuiya ni wamama na watoto na mzee mmoja anayesinzia, lakini paroko akipokea barua yako kitu cha kwanza anampigia mwenyekiti wa jumuiya, huyu kijana mnamjua? Na yule mama mwenyekiti akisema baba huyu hata nyumba hatuijui, umeisha. Kwa hiyo kama uko form five sasa hivi anza kwenda, soma somo, beba viti, siku ya mazishi chimba kaburi na wenzako. Ukiwa shule ya bweni basi ukiwa likizo. Ukiwa mtumikiaji au uko kwaya au VIWAWA, kile chama cha vijana Wakatoliki, ni vizuri zaidi, ila usijiunge vitu vitano ndani ya mwezi mmoja ili uonekane, watu wazima wanaona.

Halafu ndo unaenda kwa paroko. Nenda siku ya kawaida, siyo Jumapili baada ya misa wakati watu thelathini wanamsubiri na mmoja anataka gari libarikiwe. Mwambie tu, shikamoo baba, nina wazo la upadre naomba unisikilize. Basi. Usianze kumsimulia ndoto uliyoota, wapo wanaokuja na ndoto za mwanga na malaika, paroko anasikiliza kwa heshima lakini moyoni anakuwa na wasiwasi na wewe.

Paroko atakuuliza jimbo au shirika? Na hapa vijana wengi wanatoa macho. Padre wa jimbo anakuwa wa askofu, yaani ukiwa wa Jimbo la Tanga maisha yako ni haya haya ya huku, leo Pangani, kesho Handeni, keshokutwa Kilindi, unaahidi utii kwa askofu na kuishi useja. Padre wa shirika ni mtawa, anapita unovisi, yaani kipindi cha majaribio ya utawa, anaweka nadhiri tatu, ufukara, usafi wa moyo na utii, anaishi na wenzake na anaweza akatumwa hata Brazil. Huku kwetu mashirika tunayajua vizuri, Warosmini wamefanya kazi Usambara miaka mingi na askofu wa kwanza wa Tanga jimbo lilipoanzishwa 1958 alitoka kwao, na ukishuka Bagamoyo ndo kabisa, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868 na jumba lao la zamani lipo mpaka leo nenda ukaone. Ushauri wangu, usichague shirika kwa sababu ya kanzu yao ilivyo nzuri. Ndo sababu nyingi nilizozisikia kwa masikio yangu, kanzu na safari za nje.

Makaratasi. Cheti cha ubatizo na cha kipaimara, hivi ni lazima, sheria ya Kanisa imeviandika kabisa, na kiwe kimetolewa upya kutoka kitabu cha parokia ulikobatizwa, siyo kile cha mwaka 2007 kilicholiwa na mende. Sasa kama ulibatizwa Same wakati baba yako anafanya kazi huko jipe mwezi mzima wa kukifuatilia. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, barua ya paroko, barua yako mwenyewe ya kuomba ambayo unaiandika kwa mkono, na ripoti ya daktari. Majimbo yanatofautiana vitu vidogo vidogo kwa hiyo fomu ya jimbo lako ndo msemaji wa mwisho. Ila kuna mtu atakuuliza habari za ndoa ya wazazi wako, jiandae.

Na hapo kwenye ndoa nikae kidogo kwa sababu sisi ni watu wa pwani. Tanga hapa nyumba nyingi zimechanganyika, baba Mwislamu mama Mkatoliki, au bibi mzaa mama ni hajati kabisa na ndiye aliyekulea. Au wazazi hawakufunga ndoa. Vijana wengi wanaficha hili wakidhani ndo mwisho wa safari. Siyo mwisho. Zamani kwenye sheria ya Kanisa ya 1917 mtoto wa nje ya ndoa alikuwa anahesabiwa ana kizuizi cha kupewa daraja, yaani kufanywa padre, sheria ya sasa ya 1983 hiyo kitu ilitolewa. Wanakuuliza kwa sababu wanataka kukujua unatoka wapi, waambie kama ilivyo. Anayesubirishwa ni yule aliyebatizwa juzi juzi akiwa mtu mzima, huyo sheria inasema akae kwanza akomae kwenye imani, askofu ndo anapima. Na mjomba wako Mwislamu usimuonee aibu, siku ya daraja yule ndo atakuwa wa kwanza kutoa mchele na mbuzi, nimeona hapa Ngamiani kwa macho yangu, ndugu wa msikitini walipanga viti na kupika pilau sisi tukakaa kama wageni.

Ripoti ya daktari sasa. Mi nina pumu tangu mdogo, siyo kali, Tanga na joto hili hainisumbui. Kwenye fomu pakaulizwa una ugonjwa wowote wa muda mrefu, nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa kabisa. Nikapelekwa mahali pa baridi, mwezi wa saba usiku mmoja nikabanwa kifua wenzangu wakanibeba na blanketi mpaka kwa gombera, kwa msiojua gombera ndo mkuu wa seminari. Nilitibiwa vizuri sana wala sikugombezwa. Lakini kila mwaka kwenye tathmini swali likawa linarudi, kuna kitu kingine ambacho hujatuambia? Kila mwaka. Pumu yenyewe ilishasahaulika, walikuwa na mafrateri wengine wawili wenye pumu na inhela zao mezani. Kwa hiyo we andika, una sukari andika, una kifafa andika, uliwahi kusomeshwa na mtu ukimuahidi ndoa, sema.

Na kama uliwahi kuwa seminari nyingine ukaondolewa, usithubutu kujifanya mgeni. Sheria inadai barua ya gombera wa kule ulikotoka inayoeleza kwa nini uliondoka. Watapiga simu tu, mapadre wote hawa wamesoma pamoja.

Usaili. Wanakaa mapadre watatu wanne, wewe kiti cha mbele, shati limechomekwa. Swali la kwanza linajulikana nchi nzima, kwa nini unataka kuwa padre, na jibu nalo linajulikana nchi nzima, nataka kuwatumikia watu wa Mungu. Sasa atakuuliza, nesi naye si anawatumikia, mbona hukwenda unesi? Kimya. Kaa na hilo swali nyumbani miezi kabla, siyo ili utunge jibu zuri bali ujue kama unalo. Jibu dogo la kweli linatosha, rafiki yangu mmoja alisema nampenda paroko wetu anavyokwenda kwa wagonjwa na baiskeli nataka kujaribu kuwa vile, akapita, na leo ni padre. Watakuuliza pia vitu vya katekisimu, sakramenti saba, jina la askofu wako, amri za Kanisa, na Papa ni Leo wa 14 tangu Mei 2025 usije ukataja Fransisko kwa mazoea.

Hela. Wazazi wengi wanapiga simu kwa hili na wanaona haya kuuliza. Seminari kuu mzigo mkubwa unabebwa na jimbo, na nyuma ya jimbo kuna sadaka zenu za Jumapili ya Mchungaji Mwema na kuna Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, lile lilianzishwa Ufaransa mwaka 1889 na mama na binti yake wakaanza kusaidia mafrateri wa nchi za misheni. Familia inachangia kiasi fulani, na nauli, na sabuni. Seminari ndogo ni ada ya shule kama shule nyingine, ulizia mapema.

Umeingia. Unaanza mwaka wa malezi, hapa hakuna masomo mazito, ni kujifunza kusali, kulima na kukaa na watu usiowachagua, na kwa wengine huu mwaka ni mgumu kuliko falsafa yote. Halafu falsafa, wengi wanaenda Kibosho au Ntungamo, halafu mwaka wa uchungaji unapelekwa parokiani unaishi na paroko, halafu teolojia miaka minne, Segerea au Kipalapala au Peramiho. Piga hesabu, ni miaka tisa hivi mambo yakienda sawa. Sheria yenyewe inataka falsafa na teolojia zisipungue miaka sita, hayo mengine ni malezi juu yake.

Siku inaanza kwa kengele kabla jua halijatoka, masifu ya asubuhi, tafakari, misa, chai, darasa mpaka mchana, mchana kazi za mikono, jembe na fyekeo na banda la nguruwe, michezo, rozari, masifu ya jioni, chakula, prepo, sala ya usiku halafu ukimya mkuu hakuna kuongea mpaka kesho. Masomo ni Kiingereza, kwa hiyo kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha anza leo kusoma, nilisap mantiki mwaka wa kwanza siyo kwa sababu sikuelewa hoja, sikuelewa swali. Na simu sahau ulivyozoea, kila nyumba ina utaratibu wake lakini hakuna utakakokuta simu ya masaa ishirini na nne.

Kitu kimoja hakuna anayewaambia vijana na kingenisaidia sana. Ndani kuna walezi wa aina mbili. Gombera na walezi wenzake wanakuangalia, wanaandika ripoti kwa askofu, wao ndo wanapiga kura ubaki au uende. Halafu kuna baba wa kiroho, na huyu pamoja na padre anayekuungamisha, sheria ya Kanisa inakataza kabisa kuombwa maoni yao wakati wa kuamua kama frateri apewe daraja au aondolewe. Kabisa, hata gombera akitaka. Kwa hiyo kwa baba wa kiroho mwaga kila kitu, msichana unayemuwaza, hasira, wasiwasi, hamu ya kuacha. Mi nilikaa miaka miwili nikimpelekea habari za hali ya hewa, sala zinakwenda vizuri baba, masomo yanakwenda vizuri baba, nikidhani anaandika mahali. Mwaka wa tatu ndo nikamwambia ukweli wangu, na tulivyoongea miezi kama sita ikaonekana wazi mimi ni mtu wa nyumba na watoto. Nikaondoka kwa mikono yangu, gombera akanipa nauli na barua nzuri. Nyumbani Tanga nikapokelewa na ule msemo wa waja leo waondoka leo, mtaa mzima walicheka wiki mbili halafu wakachoka.

Ukiendelea mpaka mwisho kuna ngazi. Unapokelewa rasmi kuwa mtarajiwa, unapewa usomaji, yaani huduma ya kusoma Neno misani, unapewa uakoliti, yaani huduma ya altareni, miezi sita angalau ndo ushemasi, ngazi ya mwisho kabla ya upadre. Kabla ya ushemasi unaandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba unapokea daraja kwa hiari bila kulazimishwa na mtu, mama yako asikuandikie hata moyoni. Unafanya mafungo siku tano kwa uchache. Miaka isipungue 23 kwa ushemasi huo na 25 kwa upadre, na kati ya viwili hivyo miezi sita tena. Shemasi anabatiza, anahubiri, anafungisha ndoa, anazika, ila misa, kitubio na mpako wa wagonjwa hapana, kwa hiyo wamama msimfukuzie shemasi na maungamo atakimbia.

Wapo wanaoniuliza, mi nina mke, nimechelewa? Upadre kwetu sisi wa Kanisa la Kilatini, yaani Wakatoliki wa kawaida wa huku, ndo hivyo, ni wa kuishi useja, ila kuna ushemasi wa kudumu, Mtaguso wa pili wa Vatikano uliufufua na Paulo wa 6 akautungia taratibu 1967. Mwenye ndoa awe na miaka 35 na mke wake akubali, na mke akitangulia mbele ya haki kwa kawaida haoi tena. Huku kwetu mashemasi wa hivyo ni nadra sana, itategemea askofu. Na wadada na walei wengine wanaotaka kusoma tu, teolojia siyo ya mapadre peke yao, pale Morogoro chuo kikuu cha Jordan kilianza kama chuo cha falsafa na teolojia cha shirika la Wasalvatoriani na leo mlei, sista na frateri wanakaa darasa moja. Usomaji na uakoliti rasmi Papa Fransisko alivifungua kwa wanawake Januari 2021 na Mei mwaka huo huo akaufanya ukatekista kuwa huduma rasmi. Mwanangu wa kike anasema atakuwa padre, ana miaka sita, nimemwambia tuanze na katekista.

Haya, tumrudie yule aliyepata barua ya kukubaliwa. Shuka mbili, blanketi zito hata kama unaambiwa kule hakuna baridi, ndoo, viatu vya ngozi pea moja na vya shamba pea moja, suruali nyeusi, mashati meupe, Biblia yako uliyoizoea usinunue mpya. Kanzu usishone, utavishwa wakati wake, kuna kijana alifika nayo ndani ya begi akachekwa mpaka wa teolojia wakajua. Stendi ya Kange fika alfajiri, na mwambie mama asikufungie samaki wa Deep Sea wa kupaka kwa ajili ya walezi. Mi wangu walichuruzika nazi begi zima kabla hata hatujafika Segera na barua yangu ya paroko niliikabidhi kwa gombera ikiwa ya njano inanukia pilipili.